Hakika, mtama ambao kiduha hakiusikii

Ukienda duka la pembejeo kwa ajili ya shamba lililoshikwa na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, ulizia mtama wa Hakika kabla ya Macia. Macia ni mbegu nzuri, inawahi kukomaa na soko lake lipo, lakini kiduha kinainyonya. Hakika, pamoja na ndugu yake Wahi, zilitolewa Tanzania 2002 kutokana na mbegu za uzazi zilizozalishwa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009.

Kinga yake iko mzizini. Mbegu ya kiduha, ndogo kama vumbi, hulala udongoni hata zaidi ya miaka 10 na haioti mpaka isikie strigolaktoni, kemikali ambayo mzizi wa mtama huitoa kuwaita kuvu wa kuusaidia kupata fosforasi. Mtama wenye kinga hii umekosa jeni moja, LGS1, kwa hiyo mzizi unatoa strigolaktoni ya aina nyingine ambayo kiduha hakiitikii sana. Pengo hilo lilitokea lenyewe kwenye mtama. Jeni yenyewe ilitambuliwa 2017.

Hapo ndipo uhariri wa jeni unapoingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya, wanatumia krispa (CRISPR), chombo cha kukata jeni kama mkasi, kuikata LGS1 moja kwa moja ndani ya mtama wanaoutaka, bila miaka ya kuchanganya aina za mtama na kuchagua. Si sawa na mahindi yaliyojaribiwa Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016: yale yalipandikizwa jeni ya bakteria, na Novemba 2018 serikali iliamuru majaribio ya aina hiyo yasimamishwe. Mtama uliohaririwa hauuzwi madukani kwetu, kwa hiyo faida ya pengo hilo utaipata kwa Hakika, kwa bei ya mbegu ya kawaida.

Ekari moja inataka kilo 4. Kwanza hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye maji siku tano. Zikiota pungufu ya 80, ongeza mbegu au irudishe dukani. Panda mvua za Desemba zikishashika, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kina sentimita 3 hadi 5. Wiki ya pili au ya tatu punguzia, bakiza miche miwili kwa shimo. Samadi usiiache: mzizi wenye njaa ya fosforasi unapiga kelele zaidi, na hata Hakika haiko kimya kabisa.

Maana hii ni kinga pungufu. Vichache vitachomoza kuanzia wiki ya tano hivi. Ving'oe kabla ya kutoa maua na uvichome, kwani mmea mmoja unaweza kuangusha makumi ya maelfu ya mbegu. Anayesubiri palizi ya mwisho amechelewa, na anayebadilisha mtama kwa mahindi hajabadilisha kitu, maana mahindi nayo ni chakula cha kiduha. Weka kunde au karanga: mizizi yake inakiotesha kiduha, kisha kinakufa kwa kukosa cha kunyonya. Ndege wa kwelea kwelea ni shida nyingine, LGS1 haiwahusu.

Kasoro kubwa inajitokeza msimu wa pili. Mtama hujichavusha wenyewe, kwa hiyo kuweka mbegu kunawezekana, lakini chavua ya mtama wa jirani huingia kidogo, na kinga hii inajificha: punje iliyopata LGS1 nzima kutoka upande mmoja tu inazaa mmea unaokiita kiduha kama kawaida. Basi masuke ya mbegu yachukue katikati ya shamba, mita 200 kutoka mtama mwingine, ng'oa mapema mashina yasiyofanana na wenzake, na baada ya misimu mitatu nunua upya mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, au ya daraja la kuazimiwa ubora (QDS). Dukani wakisema imekwisha, ulizia TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo cha Dodoma. Mtama ndiyo kazi yao.