Fundi wa Ngamiani aliyeitibu Vitz yangu kiu

Kigari cha cc 1000, kilomita 9 kwa lita! Sikukisia: nilijaza tangi mpaka juu, nikaenda Muheza na kurudi mara tatu, nikajaza tena, nikagawanya. Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi, ikasafisha nozeli, ikanitoza 120,000. Kiu ile ile.

Huyu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kijana wa chini ya mwarobaini, hata spana hakushika kwanza. Aliniuliza, "Dada, hii taa ya bluu huzima ukifika wapi?" Nikamwambia hata Kange, pembeni mwa mji, naipita inawaka, mimi nilidhani pambo, kumbe inasema injini bado baridi. Akacheka mpaka akakaa chini. Akafungua paipu ya rejeta: thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, hamna! Kuna mtu aliing'oa zamani, bila shaka kwa hoja ile ya "Tanga joto, ya nini?" Kumbe injini isipopata moto wake, kompyuta huhisi gari ndiyo kwanza limewashwa, inazidi kumwaga petroli.

Kisha akapiga jeki nyuma, akazungusha gurudumu la kulia kwa mkono. Halikumaliza hata mzunguko mmoja. Breki imeganda, ringi inaunguza vidole.

Thamostati mpya ya nyuzi 82, breki, na ufundi: 85,000. Sasa napata kilomita 15.

Lawama ninayo. Aliniahidi saa saba, nikatoka magharibi, nimekalia tairi bovu mchana kutwa. Risiti hana. Muuza kahawa na kashata, lakini, alipita mara mbili.