Maumbo ya sarufi ya Montessori katika somo la Kiingereza: uzoefu wangu

Ninafundisha Kiingereza darasa la tatu na la nne katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili, na kwa muda mrefu nilikuwa nikitafuta kifaa kitakachomwezesha mtoto kuiona sarufi kwa macho yake badala ya kuikariri kutoka ubaoni. Mwaka jana nilinunua kwa shilingi 45,000 seti yenye kisanduku cha maumbo ya mbao, kadi za maneno, kadi za alama za uandishi na kitabu cha mazoezi. Utaratibu wa maumbo hayo unatokana na kazi ya Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza mjini Roma mwaka 1907. Nomino huwakilishwa na pembetatu kubwa nyeusi, kitenzi na mduara mwekundu, kivumishi na pembetatu ya wastani ya buluu iliyokoza, kihusishi na mwezi mwandamo wa kijani, na vijineno 'a', 'an' na 'the' na kipembetatu kidogo cha buluu hafifu.

Hicho kipembetatu kidogo ndicho kilichonilipa fedha yangu. Kiswahili hakina vijineno vya namna hiyo. Tunasema 'paka yuko chini ya meza' na maana ikatimia, kwa hiyo mtoto anapoandika 'Cat is under table' haoni kilichopungua, na mwalimu anaweza kumsahihisha kwa kalamu nyekundu muhula mzima bila kosa hilo kwisha. Niliyapa makundi kanuni moja, kwamba pembetatu nyeusi ya kitu kimoja kinachohesabika haisimami bila mwenzake wa kuitangulia, awe kipembetatu cha buluu hafifu au neno kama 'my'. Tangu hapo, wanapopanga maumbo juu ya sentensi ile, wao wenyewe huonyesha kwa kidole pembetatu mbili nyeusi zilizo peke yake, kisha hubishana kama paka huyo ni 'a cat' au 'the cat', na ubishi huo ndio somo lenyewe. Zinazoruhusiwa kusimama peke yake ni nomino za pekee, kama Asha, Moshi na Monday, nazo ndizo zinazoanza kwa herufi kubwa, kwa hiyo kanuni mbili ambazo vitabu vingi huziweka katika sura tofauti hukutana mezani kwa wakati mmoja. Bahari ya Hindi, ambayo kwa Kiingereza hudai herufi kubwa na 'the' pamoja, niliiacha isubiri madarasa ya juu.

Mpangilio wa maneno pia ulieleweka upesi. Watoto wangu walizoea kutanguliza nomino, kama tunavyosema 'paka mweusi', na kuandika 'a cat black'. Kuiondoa pembetatu ya buluu nyuma na kuipeleka mbele kwa mkono kuliwakaa zaidi kuliko maelezo yangu. Vivyo hivyo katika maswali: Kiswahili huuliza kwa kiimbo au kwa 'je' bila kuhamisha kitu, kwa hiyo walikuwa wakiweka alama ya kuuliza mwishoni mwa 'The cat is black' na kuhesabu kazi imekwisha. Sasa wanajua kwamba mduara mwekundu lazima uvuke kwanza, ndipo alama ya kuuliza iwekwe.

Kitabu cha mazoezi ni dhaifu kuliko kisanduku. Kinaeleza kwamba 'an' hutangulia neno linaloanza kwa a, e, i, o au u, na wanafunzi wangu watiifu wakaandika 'an uniform', neno ambalo kila mtoto wa shule analihitaji tangu wiki ya kwanza. Kinachoamua ni sauti inayosikika, si herufi, ndiyo maana tunasema 'a uniform' lakini 'an hour'. Ukurasa huo niliuruka, nikafundisha kwa kusoma maneno kwa sauti.

Kasoro iliyonisikitisha zaidi iko kwenye kadi za maneno, kwa sababu zote zimechapishwa kwa herufi kubwa tupu: CAT, MOSHI, MONDAY, SHE. Mtoto atatambuaje kwamba Moshi hustahili herufi kubwa na paka hastahili, ikiwa macho yake yanaonyeshwa kwamba vyote ni sawa? Nomino za pekee, siku na miezi tayari anaziandika vizuri kwa Kiswahili, na jambo geni kwake ni 'I', ambayo hubaki kubwa hata katikati ya sentensi, ilhali 'mimi' haidai heshima hiyo. Lakini kwenye kadi hizi 'I' haina tofauti na jirani zake. Ilibidi niandike upya maneno yote nyuma ya kadi kwa kalamu ya wino mzito.

Kadi za alama za uandishi zinatosha kwa nukta na mkato. Ritifaa ilihitaji maelezo yangu, maana watoto wanaijua kutoka 'ng'ombe', ambako inaonyesha sauti, na katika 'Asha's book' inaonyesha mwenye kitu.

Maumbo hayasaidii kitu katika 's' ya 'she goes', kwa kuwa 'go' na 'goes' hupewa mduara uleule. Hilo bado nalifundisha kwa chaki ya rangi. Vipembetatu vya buluu hafifu navyo ni vichache, idadi sawa na maumbo ya vihisishi, ambavyo mtoto huvitumia kwa nadra. Kisanduku kimoja kinatosha kundi la watoto sita hivi, na kwa darasa kama langu nilikata mengine kwa karatasi za manila nikifuatisha yale ya mbao. Mzazi mwenye mtoto mmoja au wawili nyumbani ninamshauri ainunue, ila kabla ya kulipa aombe kufungua kisanduku na kuangalia kadi zimechapishwa kwa herufi gani.