Walifuta nafasi ya meza ya mama yangu kimya kimya (uzoefu wangu Orlando)

Nyota moja, na hiyo moja si ya mfumo wao wa kuweka nafasi ya meza mgahawani, ni ya dada mmoja wa zamu ya mchana ambaye nitamfikia. Jina la bustani silitaji. Orlando, kule Florida, Marekani, kuna bustani za burudani kila ukigeuka, kisieni wenyewe. Bei za tiketi, bembea gani inatapisha watu, maegesho ni kiasi gani, hayo yote yapo mtandaoni. Mimi nina jambo moja tu na limenikaa kooni tangu majira ya joto.

Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Kaka na wifi wakaja na wanao, shangazi naye akasema haachwi, safari ikawa ya ukoo. Watoto wanautaka ule mgahawa ambao mabinti wa kifalme wa kwenye katuni wanapita meza kwa meza kupiga picha, kelele kama zote. Wazee hawataki hayo. Wao wanataka kiyoyozi, supu, na kiti chenye mgongo. Halafu mama ana kisukari, anachoma insulini kabla ya kula, na saa yake ya kula haina mjadala. Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye wazazi na watoto angefanya: meza mbili, kwenye migahawa miwili inayotazamana, zote saa saba mchana. Wifi na watoto huku, mimi na wazee kule. Kadi ni yangu, simu ni yangu, akaunti ni yangu, kwa sababu katika familia hii mambo ya simu yote huangukia kwangu.

Meza ya wazee niliipata mapema. Ya watoto ilikuwa kazi, unajua ile ya kukesha unaburuza skrini mpaka macho yanawasha, mtu aghairi huko na wewe udake. Nikaidaka usiku. Alama ya kijani ikatokea: imethibitishwa. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza mambo yake.

Ambacho programu ya bustani kwenye simu haikusema ni kwamba wakati inaithibitisha ya pili, ya kwanza imeifuta. Haikuuliza. Haikuleta barua pepe wala meseji, hata kale kanukta kekundu wanakotuletea wakitaka kutuuzia kofia zenye masikio, hakuna.

Tukafika mlangoni. Mnaoijua Florida mchana wa kiangazi hamhitaji kuelezwa: jua linachoma, hewa nzito, na kwa mbali mawingu ya radi yanajikusanya kama kawaida yao ya alasiri. Mama amejifunga mtandio kichwani, shangazi anajipepea kwa ramani ya bustani. Kijana wa mapokezi akaandika jina langu, akaandika tena, akasema halipo. Nikamwonyesha picha niliyopiga skrini siku ile nilipoweka. Inaonyesha mgahawa wake, tarehe ya leo, saa saba, watu watatu. Akaitazama, akatazama mashine yake, kisha akaniambia kwa lile tabasamu lao la meno yote, "Mama, mtu hawezi kula sehemu mbili kwa wakati mmoja."

Ngojeni kwanza. Nani kakwambia nataka kula sehemu mbili? Watu hawa hapa watatu, umewaona, mmoja amevaa miwani, mmoja ameshika ramani. Wale wa meza nyingine wapo kule ng'ambo, nawaona kutoka hapa nilipo, mtoto wa kaka ananipungia mkono! Nikamweleza. Taratibu kabisa, mnaonijua mtashangaa. Akasikiliza akiwa anatazama foleni nyuma yangu, nilipovuta pumzi akasema mfumo hauruhusu meza mbili za mlo mmoja kwa mtu mmoja, ni kwa ajili ya haki kwa wageni wote. Akamwita anayefuata.

Iliyonimaliza ni mama. Kiingereza chake si kikubwa, yeye aliona kijana anacheka, akadhani tumeshakaribishwa. Akamwambia, "Asante mwanangu," akaanza kuingia ndani. Yule kijana akanyoosha mkono mlangoni kumzuia. Hakumgusa, niseme haki. Lakini mkono aliunyoosha, na tabasamu liko palepale. Huo mkono nimeuota.

Sasa mtasema nina chuki na kanuni. Sina. Kanuni yenyewe naielewa na nitaitetea, hata kama inanikera kuitetea. Tatizo la watu kushikilia meza ni la kweli. Chukua Walt Disney World, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote pale. Zamani migahawa yake ulikuwa unaweza kuiweka siku 180 kabla, yaani nusu mwaka unaamua utakula nini Jumanne. Siku hizi ni siku 60. Hata hizo 60, nani anajua siku hiyo watoto watakuwa upande gani wa bustani? Kwa hiyo watu wanaweka tatu: moja huku, moja kule, moja ya akiba, halafu asubuhi wanaangalia hali ya hewa na kuchagua. Wengine wanaghairi zilizobaki, wengine wanasahau. Matokeo yake saa saba unaona meza nyeupe pee ndani, na nje watu wamesimama na watoto wanaolia. Ndiyo maana wakaweka faini; Disney kwenye migahawa mingi ni dola 10 kwa kila kichwa usipotokea. Na kwa kughairi wamelegeza, zamani ilikuwa siku moja kabla, sasa saa mbili kabla zinatosha. Hilo nalipenda. Unaachia meza mapema kidogo, mwingine anaidaka, hakuna aliyeumia.

Tena kuna wanaofanya biashara kabisa. Kuna huduma unazilipa zikuvizie nafasi, zinachungulia mfumo usiku na mchana, meza ikiachwa zinakupigia kengele. Hizo angalau unakwenda kuweka mwenyewe. Wapo waliovuka mpaka, wanakusanya meza za migahawa maarufu na kuziuza kama walanguzi wa tiketi za mechi, mpaka jimbo la New York likapitisha sheria, gavana akaisaini Desemba 2024, inayozuia watu wa kati kuuza nafasi bila ridhaa ya mgahawa. Kwa hiyo bustani kusema mtu mmoja asijilimbikizie meza, sawa. Nyota tatu kwa wazo.

Lakini hebu tuulizane, kanuni hiyo inamkamata nani? Mjanja anayetaka meza tatu hafungui akaunti moja. Anafungua yake, ya mumewe, na ya barua pepe ile ya zamani aliyoitumia chuoni. Mfumo unamwona kama watu watatu wenye njaa tofauti, unampa alama za kijani zote. Anayenaswa ni mimi niliyeandika kila kitu kwa jina moja, kadi moja, namba moja ya simu, bila kuficha. Mfumo hauhesabu watu, unahesabu akaunti. Meza ya watu watatu na meza ya watu watano, migahawa miwili, jumla wanane, na tiketi nane za kuingia bustanini zimenunuliwa kwa akaunti hiyohiyo! Wanazo tiketi zetu! Mashine inajua tumeingia wanane, majina yote inayo, inashindwa nini kutambua kwamba wanane wanaweza kugawanyika?

Na hata kama haiwezi kutambua, iulize. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Siku naweka ya pili ingeniambia, "Una meza nyingine saa hiyohiyo, unataka ipi?" Ningepiga simu usiku uleule, au ningemwambia kaka aweke kwa simu yake, mambo yangekwisha. Kukataa naweza kukukubali. Kunifutia nyuma ya mgongo wangu halafu kunionyesha alama ya kijani, hapana. Mangi wa duka kule nyumbani akimuuzia mwingine ya mwisho uliyoagiza, anakwambia kabisa, "Dada samahani, nimempa fulani." Anakwambia!

Halafu lile neno "haki kwa wageni wote." Nilikaa kwenye benchi nikatazama mlango ule. Waliokuwa na nafasi zao nao walikuwa wanasubiri. Wengi hawajui kwamba kwenye bustani hizi ukiweka nafasi mara nyingi hujawekewa meza yenye jina lako, umeahidiwa meza itakayofuata kuwa wazi baada ya kufika. Basi kama hata mwenye nafasi anasubiri, na ndani nilikuwa naziona meza tupu kupitia kioo, haki hiyo ilikuwa inalindwa kwa ajili ya nani? Shangazi akaniambia, "Mwanangu, usimtukane mtoto wa watu." Nikamwambia sijamtukana. Akasema, "Kwa mdomo bado."

Mama alikuwa hajachoma sindano, tumshukuru Mungu. Angekuwa ameshachoma akisubiri kuketi, halafu chakula kisije, sukari ingeshuka tukiwa juani pale, na hapo nyota zenu mngezipata mahakamani. Alikula biskuti za kwenye mkoba. Kioski cha soseji kilikuwepo, foleni yake imezunguka chemchemi, na mama soseji za njiani hali.

Ndipo akatoka dada wa zamu, mtu mzima kidogo, nadhani ni msimamizi wao. Hakutabasamu. Aliuliza swali moja tu ambalo kijana hakuuliza: "Nani hapa anahitaji kula sasa hivi?" Nikamweleza kisukari. Akaingia kwenye mashine ya ndani, akarudi, akasema meza yangu anaiona, imefutwa na mfumo wenyewe, si mimi, na kwamba wao mlangoni hawawezi kuirudisha. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hawapati hata taarifa mfumo ukifuta, wanakutana nayo mgeni akiwa ameshasimama mbele yao. Hapo nikamwonea huruma hata yule kijana. Kidogo. Si sana, mkono ule bado.

Akatuingiza. Meza ya dirishani, kivuli safi, maji ya baridi kabla hatujakaa vizuri. Supu ilikuwa nzuri, nitakuwa mnafiki nikisema vinginevyo, na mkate wa moto mama aliuangalia kwa huzuni akaniachia mimi. Nikamuuliza yule dada meza ameitoa wapi. Akasema ni ya watu ambao hawakutokea.

Nimelifikiria hilo hadi leo. Yaani kuna mtu aliweka meza, akaenda kula kwingine, hakughairi, na huyo ndiye aliyemlisha mama yangu. Mfumo ungefanya kazi yake vizuri kama wanavyotaka, meza ile ingekuwa imejaa na sisi tungekuwa bado kwenye benchi. Sijui nimlaani au nimwombee. Kwa hiyo zile nyota tatu za wazo nazichukua tena, mpaka nijue nasimama wapi.

Siku nyingine ya safari hiyohiyo tulikwenda kula Boma, kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge ya Disney. Hapo kaka aliweka meza ya watu wake kwa akaunti yake, mimi ya wazee kwa yangu, hapakuwa na neno. Ukumbi mkubwa, sufuria za supu zimepangwa, unajipakulia, na kile kitinda mlo chao cha mistari ya pundamilia watoto walirudia mpaka wifi akafunga njia. Mama alizunguka vyombo vyote, akauliza ugali uko wapi katika boma hili, akachukua nyama na mboga akala vizuri kuliko siku zote. Wahudumu walimsalimia "jambo" na yeye akawajibu kwa heshima zote kama wamesema shikamoo.

Kwa wanaokwenda na wazazi: kila mtu mzima afungue akaunti yake na aweke meza ya watu wake. Msiweke zote kwa simu moja hata kama wewe ndiye unayejua Kiingereza. Kila asubuhi fungua programu uhakikishe meza bado zipo, usiamini alama ya kijani ya mwezi uliopita. Mkikwama mlangoni msibishane na wa mlangoni, ombeni msimamizi, na kama kuna mgonjwa semeni mapema. Niliposema kisukari ndipo mlango ulipofunguka. Kwa nini mpaka ugonjwa ndiyo utufungulie, hilo waulizeni wao.

Malalamiko nimewaandikia, marefu. Jibu lilikuja baada ya muda, limeanza na kunishukuru kwa kuichagua bustani yao, katikati wanasikitika kwa "usumbufu wowote", na kuhusu mfumo kufuta bila taarifa hawakugusa hata kwa mbali. Mwishoni wameambatanisha kuponi ya aiskrimu. Aiskrimu, kwa barua niliyoandika neno kisukari kila aya. Wifi akasema basi watoto wataitumia wakirudi mwakani. Nikasoma maandishi madogo ya chini: kuponi ni ya mtu mmoja, imefungwa kwenye akaunti yangu, na mtu mwingine haruhusiwi kuitumia.