Cherehani ya Kanyagio kwa Anayeanza Kushona Baada ya Kustaafu

Mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55 na kwa lazima akifikisha 60, na akishapata kiinua mgongo hakosi watu wa kumshauri afuge kuku au anunue bodaboda amkabidhi kijana. Mimi, baada ya kufundisha hisabati shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, nilitaka kushona nguo, jambo nililolitamani tangu usichana na ambalo sikulithubutu kwa kuwa niliiogopa mashine yenyewe. Tathmini hii inahusu cherehani nyeusi ya kanyagio ya Butterfly, ile itengenezwayo China ambayo imezoeleka sana kwenye baraza za mafundi wetu, na ninamwandikia hasa mtu wa umri wangu ambaye hupita dukani, akaitazama, akauliza bei, kisha akaondoka.

Niliogopa sindano isije ikaniingia kidoleni, niliogopa kuharibu kitambaa cha mtu, na zaidi ya yote niliogopa kuchekwa na mafundi ambao baadhi yao niliwafundisha mimi jedwali la kuzidisha. Kwa mwenye hofu za namna hii, sifa kubwa ya cherehani ya kanyagio ni kwamba haina mwendo wake yenyewe. Ya umeme niliyojaribishwa dukani ilichomoka na kitambaa mara tu nilipogusa pedeli, nami nikaondoa mikono kama niliyeshika sufuria ya moto. Hii ya kanyagio hukimbia kadiri miguu inavyotaka, na ukitaka ishone tundu moja tu kisha isimame, unalizungusha gurudumu la juu kwa mkono, polepole, huku ukiitazama sindano ikishuka na kupanda. Umeme ukikatika, nao hukatika, kazi haisimami.

Ugumu wake uko kwenye kuanza. Gurudumu la juu ni lazima lizunguke kuelekea kwa mshonaji, na miguu ambayo haijazoea hulirudisha kinyume, uzi ukajisokota chini ya kitambaa au ukakatika. Fundi kijana wa baraza la jirani, aliyekubali kunielekeza, aliitoa nyuzi zote mashinani na kuniwekea karatasi ya daftari yenye mistari. Akaniambia, “Shikamoo mwalimu. Leo hatushoni, tunafuata mistari tu.” Nikakanyaga, sindano ikawa inaacha matundu kwenye karatasi, na kila nilipopinda nje ya mstari yalionekana wazi, ingawa hapakuwa na kitambaa cha mtu kilichoharibika. Ninampendekezea kila anayeanza njia hii kabla hajanunua hata mita moja ya kitambaa. Sharti tu abadilishe sindano baadaye, kwa sababu karatasi huifanya butu.

Kazi ya kwanza inayoifaa mashine hii, na inayomfaa mwanafunzi mtu mzima, ni kupinda kanga. Doti huuzwa vipande viwili vikiwa bado havijatenganishwa, hivyo kila anayenunua anahitaji mtu wa kumkatia na kumpindia ncha, na mshono unaotakiwa ni mmoja, ulionyooka, ambao ndio pekee cherehani hii inaoujua. Sindano namba 14 inatosha. Majirani waliniletea kanga zao kwanza kwa kunionea huruma, nadhani, kisha wakaziagiza kwa tarehe, hasa karibu na harusi. Sasa ninashona sketi za shule za marinda, na hapo hisabati yangu imepata kazi mpya, maana kugawa marinda yaenee kiunoni bila kubaki pengo ni hesabu ya sehemu niliyoifundisha darasa la tano.

Upungufu upo. Haifungi kingo za kitambaa, kwa hiyo sketi zangu huzipeleka kwa mwenye mashine ya ovaloki na kumlipa, na vitambaa vinavyovutika kama vya fulana si vya kujaribu hapa kabisa. Mkanda wa ngozi hulegea baada ya muda na huhitaji kukatwa na kuunganishwa upya. Yangu haina taa, na kwa macho ya miaka hii kutunga uzi jioni ni adhabu. Nimeiweka karibu na dirisha na nashona asubuhi. Mwenye magoti mabovu aijaribu kwa muda wa kutosha kabla ya kulipa, kwa sababu kukanyaga saa nzima kunachosha hata kama ni kwa wepesi.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa muuzaji kuliko kwa mashine. Aliyeniuzia, ambaye simtaji, alifunga meza na kanyagio harakaharaka bila kutia mafuta, ikawa inapiga kelele hadi fundi wangu alipoifungua na kudondoshea mafuta ya cherehani kwenye viungo. Mnunuzi aende na kipande chake cha kaki, adai sindano namba 16, akikunje kiwe tabaka nne na kukishona yeye mwenyewe pale pale dukani, mbele ya vijana wa duka, kisha akigeuze aone kama mshono wa chini umekaza sawa na wa juu. Wakimtazama, waache wamtazame. Fedha ni yake.