Kitasa cha namba kwenye nyumba ya wageni Bamburi: uzoefu wangu

Wanaouliza bei kwanza: kitasa kilinitoka shilingi 11,500 dukani mjini, fundi akachukua 2,000, na betri nne ndogo nikanunua mwenyewe kwa sababu ndani ya boksi hazimo. Kampuni siitaji. Vya bei hii vingi vinafanana mno, hata kijitabu cha maelezo utakuta ni kilekile kimebadilishwa jalada tu.

Nimekiweka kwenye nyumba ya chini, ile tunayopangisha wageni wa siku mbili tatu. Kilichonichosha ni funguo. Mgeni wa Nairobi akipanda treni ya usiku anashuka Miritini alfajiri, na wewe lazima uwe macho umpokee. Siku ya kuondoka anasahau, ufunguo unarudi naye bara ukiwa mfukoni. Na ufunguo uliokwisha kutoka mkononi mwako huna njia ya kujua umechongwa mara ngapi. Namba ukishaifuta imekwisha, hata akiikumbuka haimsaidii.

Vitasa hivi vikitoka kiwandani vingi huja na namba kuu ya 123456, au 1234 kwa vingine, na imeandikwa waziwazi kwenye kijitabu ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma. Kwa hiyo fundi asiondoke kabla hujaibadilisha. Tena elewa kuna namba za ngazi mbili: namba kuu, ambayo ndiyo inayofungua menyu na kuongeza au kufuta watu, na namba za watumiaji, ambazo kazi yake ni kufungua mlango basi. Namba kuu haendi nayo mama wa usafi, haendi nayo askari, wala mgeni.

Sasa huko kubadilisha ndiko kunakokera. Unaweka kiganja vitufe viwake, unabonyeza nyota, reli (alama ya #), namba kuu, reli tena, halafu unachagua: 1 namba kuu, 2 kuongeza mtu, 3 kufuta. Namba mpya unaiandika mara mbili. Lakini kati ya kitufe na kitufe unapewa sekunde chache tu. Ukigeuka kusoma mstari unaofuata, taa zishazima na unaanza upya. Ikabidi mpwa wangu ashike kijitabu asome, mimi nibonyeze. “Reli, mjomba! Reli kabla haijazima!” Na kila hatua kitasa kinasema kwa sauti ya juu, Kichina kwanza mpaka ubadilishe lugha, jirani wa juu akachungulia kuuliza kuna nini. Sauti inaweza kuzimwa. Izime.

Yote hayo yafanye mlango ukiwa wazi, ulimi wa kitasa ukiwa nje hewani. Weka namba mpya, utazame ulimi ukiingia na kutoka, ndipo ufunge mlango.

Jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja: kitasa hakijui majina. Kila mtu anapewa nafasi, 001, 002 na kuendelea, na ukitaka kumwondoa mmoja unafuta nafasi yake. Usipoandika daftarini nani yuko nafasi gani, siku mama wa usafi akiacha kazi hutajua ufute ipi, itabidi ufute wote na kuanza kuwagawia upya. Mimi daftari nimelifungia kabatini.

Kwa wageni situmii menyu hiyo kabisa, natumia programu ya simu. Naingiza saa ya kuingia na saa ya kutoka, programu inatoa namba, namtumia mgeni kwa ujumbe akiwa bado njiani. Kitasa chenyewe hakina intaneti. Kinapiga hesabu kwa saa yake ya ndani, na muda ukifika namba inakufa yenyewe. Hapa ndipo pesa yangu ilipolipa. Ila ukibadilisha betri, hakikisha saa hiyo haijapotea, la sivyo mgeni atasimama nje na namba ambayo kitasa kinaona muda wake haujafika.

Kuhusu kuchagua namba, watu wetu ni wale wale: mwaka wa kuzaliwa, au ya M-Pesa. Khalati yangu nilipomwomba achague yake alinijibu, “Mwanangu, mimi namba yangu ni moja tu, ya simu na ya mlango iwe hiyo hiyo.” Nikamchagulia mimi. Tarakimu nne zinatoa namba 10,000, sita zinatoa milioni moja, na baada ya makosa kadhaa kitasa hujifunga kwa dakika chache, kwa hiyo kubahatisha ni kazi. Hatari iko kwenye vidole. Wageni wanarudi kutoka ufuo wa Pirates mikono imejaa mafuta ya jua. Ukiinama jioni mwanga ukipiga ubavuni unaviona vitufe vinne vimeng'aa na sita vimefifia. Anayejua tarakimu nne zisizojirudia amebakiwa na mipangilio 24 tu ya kujaribu. Dawa ni kitambaa kila baada ya mgeni, kubadilisha namba za kudumu mara kwa mara, na kutumia ule uwezo wa kuchanganya: kitasa hiki kinakubali uandike tarakimu za ovyo kabla na baada, mradi namba yako iwe katikati kwa mpangilio wake.

Stima ikikatika hakitingishiki. Betri ziwe za alkalini zote nne mpya, usichanganye na za zamani. Zikikaribia kwisha kinapiga mlio kwa siku kadhaa, na zikifa kabisa chini yake kuna vichuma viwili: unagusisha betri ya volti 9, unaandika namba, unafungua. Namba hazipotei. Pia kuna ufunguo wa chuma wa dharura. Huo na hiyo betri ya volti 9 viko kwa jirani. Nimeona watu wanaviweka kwenye droo ya sebuleni, nyuma ya mlango uleule uliogoma.

Mlango wetu ni wa mbao, na masika ulifura. Ulimi ukawa unasukuma fremu, mota inakoroma, betri zikawa haziishi. Kitasa hakikuwa na kosa. Fundi akapiga randa ukingo, akasogeza kibati cha fremu kidogo, yakaisha.

Chumvi ndiyo malalamiko yangu. Skrubu zilizokuja nacho zilianza kutoa kutu mapema, nami mlango wangu uko ndani ya baraza, hautazami bahari. Nimeweka za chuma cha pua cha daraja la 316, zile wanazotumia wenye mashua. 304 ni rahisi kidogo lakini kwa hewa hii ya pwani haivumilii vile. Askari ananiomba tufunge kingine kama hiki kwenye geti la nje. Nimemkatalia. Kule mvua na upepo wa kusi vinapiga moja kwa moja, na hiki boksi lake halikutaja popote kwamba kinazuia maji. Geti litabaki na kufuli.