Hoover: mtoano wa zamani au wa sasa?

Mashindano ya besiboli ya SEC, ligi ya vyuo vikuu vya kusini-mashariki mwa Marekani, hufungia msimu wa ligi hiyo mjini Hoover, Alabama. Hadi 2024 ziliingia timu 12. Raundi ya kwanza ilikuwa mtoano wa kawaida, kisha kwa siku kadhaa timu haikutoka mpaka ifungwe mara mbili. Ukiteleza Jumatano, bado ulikuwa na Alhamisi.

Texas na Oklahoma zilipojiunga, timu zikawa 16, na tangu 2025 zote zinaingia: ukifungwa mara moja, unafunga virago. Nne za juu huanzia robo fainali, kwa hiyo ushindi 3 tu unatosha kutwaa kombe. Zilizoanzia chini kabisa zinahitaji 5.

Mfumo wa zamani ulikuwa na haki zaidi, sibishi. Mechi moja ya besiboli ni kama karata. Lakini uliwachosha warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, wiki moja tu kabla ya mashindano ya kitaifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, na mkono wa mrushaji haukodishwi. Makocha wa timu kubwa, ambazo nafasi yao huko karibu ni ya uhakika, walikuwa wakiwaficha warushaji bora. Mimi nauchukua mpya. Mwaka huo wa kwanza Vanderbilt iliifunga Ole Miss 3-2 fainali.