TAHADHARI: Farasi "wa mwendo laini" wanaouzwa kwa simu hapa Nairobi

Wenye farasi na mnaotafuta farasi Karen, Lang'ata, Ngong na Tigoni, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook akitangaza farasi wapole wa kupandwa na watoto, "waliozaliwa na kufunzwa kwenye shamba la familia". Namba za simu hubadilika, picha hubadilika, maneno ni yale yale. Anaotangaza ni Tennessee Walking Horse, Missouri Fox Trotter na Paso Fino, aina za farasi wanaojulikana kwa mwendo laini. Wanaoletwa, wakiletwa, ni farasi wazee wa mbio wenye miguu mibovu iliyofichwa kwa dawa. Na anayepandishwa juu yao ni mtoto.

Farasi aliyestaafu mbio si mbaya. Akifunzwa upya kwa subira, na miguu ikiwa mizima, anamfaa mtu miaka mingi. Ubaya ni kumuuza kwa jina lisilo lake na kumnyamazisha maumivu siku ya mteja.

Anachodanganyia ni mwendo, basi tuanze hapo. Farasi wa kawaida akiongeza kasi huingia mwendo wa matiti: mguu wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kushoto hutua pamoja, kisha ile jozi nyingine, na mpandaji anarushwa juu na chini. Farasi wa telki, yaani wa huo mwendo laini, hutua mguu mmoja mmoja, na hakuna wakati miguu yote minne iko hewani. Ndiyo maana mgongo hautikisiki. Mpeleke kwenye lami au murram ngumu, geuka usimtazame, usikilize. Akiongeza kasi, milio minne kwa kila mzunguko wa miguu ni telki (ya Missouri Fox Trotter haiachani sawasawa, lakini bado ni minne). Milio miwili ni matiti, au ni miguu ya upande mmoja inayokwenda pamoja kama ya ngamia, mwendo unaomyumbisha mtu kushoto na kulia. Video za muuzaji huyu hazina sauti ya kwato hata moja. Zimewekewa muziki na kupunguzwa kasi, na farasi yeyote ukimpunguzia kasi kwenye video ataonekana anateleza.

Pima na nyayo pia. Tennessee Walking Horse akiwa kwenye mwendo wake, mguu wa nyuma hukanyaga mbele ya alama ya mguu wa mbele kwa sentimita 15 hadi 45. Mpitishe mara moja kwenye vumbi laini au mchanga uliolowa, kisha weka utepe chini.

Kuna "ulaini" mwingine ambao ni ugonjwa mtupu, na huu ndio unaotuuma zaidi. Farasi aliyevimba ndani ya kwato hutembea kwa hatua fupi za kunyata, anaogopa kukanyaga kwa nguvu, na asiyejua husema lo, mwendo wa hariri! Kwenye nyasi hutaona kitu. Mgeuze duara dogo kwenye sakafu ngumu: atasita, atauhamishia uzito nyuma, miguu ya mbele ataitanguliza. Weka kiganja juu ya ukuta wa kwato ulinganishe joto la miguu yote minne. Kisha bonyeza kwa vidole viwili pande zote mbili za nyuma ya kifundo, chini kidogo. Kwa farasi mzima mapigo ya mshipa hapo utayatafuta mpaka uyapate. Kwa mgonjwa yanakugonga vidole. Angalia na mistari ya kwato: ikiwa imepanuka kuelekea kisigino na kubanana mbele, ugonjwa huo si wa jana.

Kagua pia ngozi ya juu ya kwato za mbele. Huko Marekani kulikuwa na watu wanaopaka kemikali za kuwasha hapo ili farasi anyanyue miguu kwa mbwembwe, na sheria ya kuwazuia ilitungwa mwaka 1970. Ukiona makovu, manyoya yaliyonyonyoka, au farasi anarudisha mguu ukigusa tu kwa kidole gumba, usiendelee.

Upole nao hudungwa sindano. Mdomo wa chini ukining'inia, macho nusu yamefumba, na dume uume umetoka nje haurudi, huyo amelazwa kwa dawa. Fika alfajiri bila kutangaza, rudi tena siku nyingine. Mlete daktari wako mwenyewe aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, asiwe yule anayeletwa na muuzaji, na achukue damu siku hiyo hiyo ihifadhiwe. Dawa ya maumivu ikiisha mwilini na farasi akianza kuchechemea, damu hiyo ndiyo ushahidi wako.

Umri hausemwi, unasomwa mdomoni. Meno ya mbele ya juu, yale ya pembeni kabisa, huanza kuonyesha mfereji karibu na ufizi akiwa na takriban miaka 10, hufika katikati ya jino kwenye 15, na hushuka jino zima kwenye 20. "Wa miaka saba" mwenye mfereji nusu jino si wa miaka saba. Na akikuambia ana wa miezi 18 ambaye watoto wanampanda tayari, kimbia: mifupa ya mgongo wa farasi hukomaa akiwa na zaidi ya miaka mitano, na anayejua kufunza hampandi kabla ya mitatu.

Karatasi sasa. Farasi wa aina hizi akiingia nchini huwa na kibali cha Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete, na chipu upande wa kushoto wa shingo yenye tarakimu 15. Isomwe mbele yako, ilinganishwe na pasipoti yake. Uliza chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi. Kijitabu chenye mihuri bila namba ya chupa ya chanjo hakina maana, na asiyechanjwa anaweza kufa ndani ya siku chache baada ya kuugua.

Pesa anaziomba kwa mafungu: "ya kushikilia", kisha ya lori, kisha "ya karantini", zote kwa namba ya mtu binafsi. Ada za serikali hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222, wala haziendi kwenye simu ya mtu. Usitume hata shilingi kabla hajakupigia simu ya video, saisi akanyanyua mguu utakaoutaja wewe, pale pale.

Kama umeshatuma, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 dakika hiyo hiyo, kisha uende kituo cha polisi ukachukue namba ya OB (kitabu cha matukio). Usifute mazungumzo. Na kama farasi ameshafika na anachechemea, asipandwe, mwekee malalio mazito ya pumba za mbao, mwondolee nafaka, umwite daktari leo.